Kimyanga: Somo la Historia kutoka Bonde la Kilombero

Wapo wanaosema kuwa ugonjwa wa mazao ni balaa tu, na mkulima hana la kufanya ila kuvumilia. Historia ya mpunga wa Kilombero inaikanusha fikra hiyo.

Kimyanga husababishwa na virusi. Majani hugeuka manjano, mmea hudumaa na masuke hujaa mapepe. Wataalamu waliutambua kwa mara ya kwanza mwaka 1966 huko Kenya, karibu na Kisumu. Lakini uchunguzi wa vinasaba unaonyesha kwamba asili yake ni ya zamani zaidi: katikati ya karne ya 19 virusi hivyo vilitoka katika mimea ya porini, vikaingia katika mpunga uliolimwa milimani mashariki mwa nchi yetu, kisha vikateremka Kilombero.

Vilisafiri namna gani? Virusi havimwambukizi mche kutoka ndani ya mbegu. Hubaki katika makapi yanayochanganyika na mbegu baada ya kupura na kupepeta. Basi, palipopita mzigo wa mpunga, ugonjwa ulipata njia. Misafara ya biashara iliufikisha mpunga hadi Ziwa Viktoria. Mabeberu walipopigania makoloni mwaka 1914 hadi 1918, mpunga wa Kilombero uliwalisha askari. Wataalamu wanaona kuwa huenda ndivyo ugonjwa ulivyofika kusini mwa Ziwa Nyasa.

Tunajifunza nini? Kwanza, kilichoenezwa na kazi za binadamu kinaweza kuzuiwa kwa kazi za binadamu: kuchagua mbegu safi, kung'oa na kuteketeza mimea iliyougua, kuondoa maotea, kusafisha mundu na majembe. Pili, virusi havina dawa ya kunyunyiza, na wadudu na ng'ombe huvipeleka kwa jirani. Mkulima mmoja akizembea, jasho la kumi linapotea. Hapa umoja si kauli tupu. Ni sharti la kuvuna.

Mwaka 1972 TANU ilitangaza huko Iringa kwamba Siasa ni Kilimo. Kiongozi anayehesabu ekari bila kutazama majani hajalielewa azimio hilo. Kituo cha utafiti cha Ifakara, KATRIN, ambacho sasa ni TARI Ifakara, kina ujuzi. Mkulima naye ndiye wa kwanza kuliona jani la manjano. Wawili hao wasipokutana shambani, ujuzi utabaki kabatini na mapepe yatabaki ghalani.