Kesi ya Daktari Bourne na Sheria Tuliyorithi

Mwishoni mwa Aprili 1938, askari wa kikosi cha farasi cha mfalme walimlaghai binti wa miaka 14 katikati ya jiji la London. Walimwambia wana farasi mwenye mkia wa kijani, aje amwone. Alipoingia kambini wakambaka. Askari hao walikamatwa na kutiwa hatiani, na kesi yao haikumsumbua mtu kichwa. Kilichosumbua kilijitokeza wiki chache baadaye, ilipobainika kuwa binti ana mimba.

Wazazi wake walibisha hodi kwanza katika hospitali moja kubwa ya jiji. Daktari aliyewapokea alikataa, akisema, kama inavyosimuliwa, kwamba huenda tumboni mna waziri mkuu wa kesho. Habari zikamfikia Dk. Joan Malleson, aliyekuwa karibu na chama kilichoundwa mwaka 1936 kudai sheria ya utoaji mimba ilegezwe. Malleson akamwandikia Aleck Bourne, bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi wa hospitali ya St Mary's. Bourne akajibu kwamba ameshawahi kuifanya kazi hiyo, hasiti kuifanya tena, na safari hii atamwarifu Mwanasheria Mkuu mwenyewe ili achukue hatua akitaka.

Hakuwa anajitapa. Alitaka kushtakiwa, kwa sababu kwa miaka mingi madaktari wa Uingereza walikuwa wakifanya kazi gizani. Hakuna aliyejua kwa hakika sheria inaruhusu nini.

Zamani sheria ya Uingereza iliitenganisha mimba ambayo bado haijaanza kucheza na ile iliyokwisha kucheza. Mama alipomsikia mtoto akijitikisa tumboni, hapo ndipo uhai ulipohesabiwa mbele ya sheria. Bunge lilipoandika sheria ya kwanza kuhusu jambo hili mwaka 1803, liliufuata mstari huohuo: aliyetoa mimba iliyokwisha kucheza adhabu yake kifo, na aliyewahi kabla ya hapo alipata adhabu nafuu. Mwaka 1837 mstari ukafutwa, na adhabu ya kifo ikaondolewa pamoja nao. Kanisa Katoliki nalo, mwaka 1869, chini ya Papa Pius IX, liliacha kutofautisha kijusi chenye roho na kisicho na roho katika adhabu ya kumtenga mtu na Kanisa. Mafakihi wa Kiislamu walikuwa na mjadala wao wa zamani zaidi, uliojengwa juu ya hadithi iliyofahamika kuwa roho hupulizwa baada ya siku 120. Wanazuoni wengi wa Kihanafi walikubali udhuru kabla ya muda huo, Wamaliki wakakaza kamba tangu mwanzo, na Washafii, ambao madhehebu yao yametawala pwani yetu, wakatofautiana wao kwa wao.

Sheria iliyomkabili Bourne ilikuwa ya mwaka 1861. Kifungu cha 58 kilisema anayetumia dawa au chombo kuharibu mimba isivyo halali atafungwa maisha. Maneno hayo, "isivyo halali", yaliashiria kwamba kuna namna iliyo halali, lakini Bunge halikusema ni ipi. Mwaka 1929 sheria nyingine, iliyohusu kumuua mtoto anayeweza kuzaliwa akiwa hai, ikaweka msamaha mmoja ulio wazi: hapana kosa ikiwa imefanywa kwa nia njema na kwa ajili ya kuokoa maisha ya mama tu. Je, msamaha huo ulihusu pia mimba changa? Hapakuwa na jibu.

Bourne alimlaza binti mwanzoni mwa Juni, akamwangalia kwa siku kadhaa kabla ya kuamua. Alitaka kujua ni mtu wa namna gani, kwa maana hakutaka kumsaidia msichana ambaye, kwa mtazamo wa tabaka lake na zama zake, angeonekana mwepesi wa tabia. Siku alipochukuliwa kipimo cha sehemu za siri, binti akavunjika na kulia bila kujizuia. Kilio hicho ndicho kilichomshawishi daktari kwamba akili yake ingeharibika. Tarehe 14 Juni akaitoa mimba, kisha polisi wakaarifiwa.

Hapa pana jambo ambalo wanaomsifu Bourne hulipita haraka. Huruma ya sheria ilifunguliwa kwa mgonjwa ambaye hakuna aliyeweza kumlaumu: mtoto, aliyebakwa, tena mwenye wazazi wenye heshima. Mtumishi wa nyumbani aliyepewa mimba na tajiri yake hangeitikisa mahakama kiasi hicho, na mke wa kibarua mwenye watoto saba asingefika St Mary's hata mlangoni. Wanawake wa aina hiyo walikuwa wakienda kwa akina mama wa mitaani wenye vyuma vya kufumia na maji ya sabuni.

Kesi ilisikilizwa Old Bailey tarehe 18 na 19 Julai, mbele ya Jaji Macnaghten na baraza la raia. Mwanasheria Mkuu, Sir Donald Somervell, aliongoza mashtaka mwenyewe, na hoja yake ilikuwa nyoofu: sheria inaruhusu kuokoa maisha, na binti huyu hakuwa katika hatari ya kufa. Bourne akajibu kizimbani kwamba yeye kama tabibu hawezi kuchora mstari kati ya hatari kwa uhai na hatari kwa afya. Daktari akingoja hadi mauti yabishe hodi, mgonjwa atakuwa ameshapita mahali pa kusaidika.

Jaji aliwaeleza raia wale mambo mawili yaliyodumu. La kwanza, neno la mwaka 1861 lisomwe pamoja na msamaha wa mwaka 1929, ili uhalali uwe ule wa kuokoa maisha ya mama kwa nia njema. La pili, kuokoa maisha kusichukuliwe kwa ufinyu. Ikiwa daktari, kwa sababu za maana na ujuzi wa kutosha, anaona mimba ikiendelea itamwacha mwanamke akiwa ameharibika mwili au akili, baraza linaweza kukubali kuwa anayaokoa maisha yake. Akakumbusha pia kwamba mbele yao alisimama bingwa aliyefanya kazi yake hadharani, katika hospitali kubwa, bila kudai senti. Wajumbe walitoka, na baada ya dakika zipatazo 40 wakarudi na jibu: hana hatia.

Kamati ya serikali chini ya Norman Birkett, iliyoundwa mwaka 1937, ilitoa ripoti mwaka 1939 ikashauri maelezo ya jaji yaandikwe katika sheria. Vita vikaanza, ripoti ikawekwa kabatini. Kwa hiyo kwa takriban miaka 30 Waingereza waliishi na maneno ya jaji mmoja.

Na sisi pia. Sheria ya makosa ya jinai iliyotawala Kenya na Tanganyika mwanzoni mwa utawala wa Waingereza ilikuwa ile ya India ya mwaka 1860, ambayo ilisema wazi kuwa anayetoa mimba kwa nia njema ili kumwokoa mama hana kosa. Mwaka 1930 Nairobi ikaipa kisogo sheria ya India na kuchukua kanuni mpya ya adhabu. Kanuni hiyo haikutungwa hapa wala London. Mzizi wake ni Queensland, Australia, ambako Sir Samuel Griffith aliandika kanuni ya makosa ya jinai iliyopitishwa mwaka 1899. Kutoka huko ilisafiri hadi Nigeria, na kutoka Nigeria ikafika Afrika Mashariki.

Ndiyo maana tarakimu za nchi zetu zinafanana hivi: miaka 14 kwa anayejaribu kumtoa mwanamke mimba, miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe, na miaka 3 kwa anayetoa dawa au chombo. Kenya ziko vifungu vya 158 hadi 160, Tanzania Bara vya 150 hadi 152, na ukifungua kitabu cha Griffith unazikuta ni zilezile. Msamaha nao ulitengewa mahali pa mbali, kwenye kifungu cha upasuaji: asiwajibishwe anayempasua mtu, kwa nia njema na ustadi wa kutosha, kwa faida ya mgonjwa huyo, au anayekipasua kijusi ili kuhifadhi maisha ya mama, ikiwa hali yote ya mgonjwa inaonyesha ni jambo la busara. Kenya ni kifungu cha 240, Tanzania cha 230.

Swali la Bourne likaibuka tena katika mahakama zetu. Mwaka 1959, katika kesi ya Mehar Singh Bansel, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilifuata njia ya Macnaghten: upasuaji ulio haramu ni ule unaotoa mimba bila sababu njema ya kitabibu, na sababu njema ni imani ya kweli kwamba unahitajika kulinda afya ya mama. Nchini Kenya ikajengeka desturi ya kutafuta maoni ya madaktari wawili, mmoja wao wa magonjwa ya akili. Aliyekuwa na fedha na hospitali ya rufaa karibu aliweza kuyapata. Wengine walibaki na vifungu vya miaka 14, 7 na 3.

Wakati huo Uingereza yenyewe ilikuwa inaondoka katika sheria hiyo ya zamani. David Steel, mbunge aliyekuja kuibadilisha, alizaliwa Machi 1938, miezi michache kabla ya kesi ya Bourne. Baba yake, mchungaji wa Kanisa la Scotland, alitumikia Nairobi kuanzia mwaka 1949, na kijana akasoma Prince of Wales School, ile ambayo leo ni Nairobi School. Mwaka 1967, akiwa mbunge wa miaka 29, aliongoza muswada ulioruhusu mimba kutolewa ikiwa madaktari wawili watakubaliana kuwa kuiendeleza ni hatari zaidi kwa uhai au afya ya mama, au kwamba mtoto atazaliwa na ulemavu mkubwa. Kifungu cha 58 hakikufutwa, kiliwekewa tu milango. Queensland ilichelewa zaidi, lakini mwaka 2018 ilivifuta kabisa vifungu vya Griffith na kulihamishia jambo hili kwenye sheria ya afya.

Na Bourne? Alipinga mabadiliko ya mwaka 1967. Alijiunga na chama kilichoundwa kuwatetea watoto walio tumboni, na katika kumbukumbu zake aliandika kuhusu wanawake waliomsihi mwanzoni mwa mimba wakitaka iondolewe, kisha wakashukuru walipomshika mtoto. Wapo waliomwona kigeugeu. Ukisoma maneno yake ya kizimbani utaona hakubadilika sana. Hakuwahi kudai mwanamke ana haki ya kuamua. Alidai daktari ana wajibu wa kuponya, na kwamba kuponya huko mara chache mno hulazimisha jambo zito. Mtu anaweza kuamini kijusi ni uhai unaostahili ulinzi na bado akaona sheria ya mwaka 1861 ilikuwa katili kwa binti yule. Bourne aliyaamini yote mawili.

Kenya ilikuja kulijibu swali kwa kura. Mwaka 2004 vijusi 15 vilikutwa vimetupwa kando ya Mombasa Road, Nairobi. Daktari mmoja na wauguzi wake walishtakiwa kwa mauaji, wakakaa rumande takriban mwaka mzima, kisha mwaka 2005 Mahakama Kuu ikawaachia kwa kukosa ushahidi. Kesi hiyo iliwatia hofu watumishi wa afya na kuwaamsha viongozi wa dini, na kambi zote mbili ziliingia katika uandishi wa katiba mpya zikiwa zimejipanga. Maaskofu Wakatoliki na makanisa mengi ya Kiprotestanti walidai katiba itamke kuwa uhai huanza mimba inapotungwa, wakapata. Madaktari na wanasheria wanawake walidai afya ya mama isisahaulike, nao wakapata. Ibara ya 26 inasema yote mawili: uhai huanza tangu kutungwa mimba, na utoaji mimba hauruhusiwi isipokuwa, kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyefunzwa, pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine inaruhusu. Makanisa yalipiga kampeni ya kuikataa rasimu, lakini tarehe 4 Agosti 2010 wapiga kura wapatao asilimia 67 waliikubali.

Ugomvi ukahamia kwenye utekelezaji. Wizara ya afya ilitoa mwongozo kwa wahudumu mwaka 2012, kisha Desemba 2013 ikauondoa. Baadaye binti aliyebakwa, ambaye bado hakuwa mtu mzima, alitolewa mimba kwa njia isiyo salama, figo zikaharibika, akafariki mwaka 2018. Juni 2019, katika kesi iliyomhusu binti huyo, majaji watano wa Mahakama Kuu waliamua kwamba kuuondoa mwongozo ule kulivunja sheria, na kwamba mimba ya ubakaji inaweza kutolewa ikiwa, kwa maoni ya mhudumu aliyefunzwa, inahatarisha uhai au afya ya mama, pamoja na afya ya akili.

Uganda iliandika katika katiba yake ya mwaka 1995 kwamba hakuna mwenye haki ya kukatisha uhai wa mtoto ambaye hajazaliwa ila kama sheria itakavyoruhusu, na sheria iliyopo ni ndugu wa ile ya Queensland. Tanzania Bara nayo imebaki na kifungu cha 230. Anayetaka kumlinda mtoto tumboni na anayetaka kumlinda mama wote wanakitegemea, kila mmoja akikisoma kwa namna yake, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Tabibu wa kituo cha afya cha wilayani hawezi kumwalika Mwanasheria Mkuu amshtaki ili sheria ifafanuliwe. Hana jina la bingwa wala wakili mashuhuri, na mgonjwa wake anaweza kuwa anavuja damu usiku huohuo. Kifungu kinamtaka aamue kwa nia njema kilicho cha busara. Kama alipatia, ataambiwa baada ya kazi kwisha, na atakayemwambia ni hakimu.