Boksi Lenye Jina na Mwaka

Mama mmoja mgonjwa wa saratani anafika kwa wapelelezi wa mauaji mjini Philadelphia. Anajua siku zake zinahesabika. Zamani alikuwa mfanyakazi wa ndani katika nyumba ya watu wenye uwezo, na mwaka 1976 aliona kwa macho yake msichana mdogo akipigwa hadi kufa. Hakusema. Miaka 27 alilala na kuamka na siri hiyo kwa sababu ya woga. Sasa kifo kimemkaribia, na yule aliyekuwa akimwogopa hana tena cha kumnyang'anya.

Hivyo ndivyo ilivyoanza Cold Case, usiku wa Jumapili, tarehe 28 Septemba 2003, kwenye televisheni ya CBS ya Marekani. Mpelelezi Lilly Rush, aliyeigizwa na Kathryn Morris, anakwenda kwenye ghala la majalada ya zamani na kushusha boksi la karatasi ngumu ambalo ubavuni limeandikwa jina la marehemu na mwaka. Ndani yake mna picha, maelezo ya mashahidi, nguo na vielelezo vilivyobaki. Kwa misimu saba na vipindi 156, mpaka tarehe 2 Mei 2010, kila wiki boksi moja lilishushwa, na mwishoni likarudishwa rafuni likiwa na neno moja lililoongezwa: imefungwa.

Tamthilia za upelelezi ni nyingi, na katika nyingi maiti ni mlango tu. Ukishaupita unamsahau, unabaki na ujanja wa mpelelezi na hila za mwuaji. Cold Case iligeuza mpango huo. Kila kipindi kilianza na marehemu akiwa hai, anacheka, anagombana na mama yake, anacheza muziki, halafu ndipo tukaonyeshwa alivyolala. Mtazamaji aliingia kwenye upelelezi akiwa tayari anamfahamu aliyekufa, na alichotaka kujua kilikuwa kipana kuliko jina la mwuaji. Alitaka kujua watu walionyamaza walinyamaza kwa nini.

Mtunzi wake, Meredith Stiehm, alikuwa amekomaa kwenye uandishi wa NYPD Blue na ER. Philadelphia aliifahamu tangu alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Nyumba iliyotengeneza tamthilia ilikuwa ya Jerry Bruckheimer, yule yule aliyekuwa akitamba na CSI tangu mwaka 2000. Hapo ndipo penye jambo la kushangaza. CSI ilikuwa imewafundisha watazamaji kuamini maabara: darubini, mwanga wa buluu, unywele mmoja unaoshinda maneno ya mashahidi kumi. Stiehm, chini ya paa hilo hilo, aliandika tamthilia ya vinywa. Lilly Rush na wenzake, luteni Stillman, Vera, Jeffries, Valens na baadaye Kat Miller, walitumia saa zao nyingi wakibisha hodi kwenye nyumba za wazee. Waliwauliza maswali yale yale yaliyoulizwa miaka thelathini nyuma, na safari hii wakapewa majibu mengine.

Ninaamini hilo ndilo lililoifanya idumu. Muda hufanya kazi mbili kwa pamoja katika kesi iliyolala. Unakula vielelezo, unaua mashahidi, unafuta alama. Lakini pia unalegeza ndimi. Mke aliyemtolea mume wake ushahidi wa uongo leo ni mtalaka. Rafiki aliyekula kiapo cha kunyamaza amezaa binti wa umri ule ule wa marehemu. Bosi aliyeogopwa na mtaa mzima amekuwa mzee wa kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Tamthilia ilijengwa juu ya kazi hiyo ya pili.

Njia yake ya kuonyesha muda ilikuwa rahisi, na kwa maoni yangu ndiyo bora iliyopata kutumika kwenye televisheni. Kila mhusika wa zamani aliigizwa na watu wawili, kijana na mzee. Mzee anapoanza kukumbuka, kufumba na kufumbua uso wake unabadilika kuwa ule wa ujana, kisha unarudi na mikunjo yake. Rangi za picha zilibadilika kufuata zama. Na nyimbo zilikuwa za mwaka wenyewe wa mauaji, zile zile zilizokuwa zikipigwa redioni. Vipo vipindi vilivyobeba nyimbo za msanii mmoja tangu mwanzo hadi mwisho; mwaka 2006, kwa mfano, kimoja kilikuwa chote cha Bruce Springsteen. Muziki huo ulikuja na gharama. Haki za nyimbo zilikuwa nyingi na ghali, na tamthilia hii haikupata kutolewa rasmi kwenye DVD nchini Marekani. Hata wimbo wa ufunguzi una hadithi yake: unaitwa Nara, wa kundi la E.S. Posthumus, kutoka albamu ambayo nyimbo zake zimepewa majina ya miji ya kale.

Kwa sababu boksi liliweza kutoka mwaka wowote, tamthilia ikageuka kuwa somo la historia ya Marekani lililopitia mlango wa nyuma. Kesi ya kale kuliko zote ilikuwa ya 1919, ya binti aliyeingia katika harakati za kudai wanawake wapige kura, mwaka mmoja kabla haki hiyo haijaandikwa kwenye katiba. Kuna ya 1932, enzi pombe ilipokuwa marufuku, na wasichana wawili waliopendana. Kuna ya 1943, ya wanawake walioingia viwandani wanaume wakiwa vitani. Kuna ya 1963, ya kijana mweusi aliyeuawa kwa rangi ya ngozi yake.

Ambayo mimi siwezi kuisahau ni ya 1968, iliyorushwa Desemba 2006. Polisi wawili wa doria, washirika wa gari moja, wanapendana katika zama ambazo kupendana huko kungewamaliza kazini na majumbani. Mmoja anapigwa risasi. Anayebaki anazeeka na uchungu ambao hawezi kuueleza kwa mtu, kwa kuwa kuueleza ni kujieleza. Wapelelezi wanalazimika kuwahoji polisi wenzao wa zamani, watu waliovaa sare kama yao. Mzee yule anapofungua kinywa chake baada ya karibu miaka arobaini, unaona jinsi sheria na desturi za wakati zilivyomlinda mwuaji kuliko kufuli lolote.

Wapo wakosoaji ambao hawakupenda mwisho wa vipindi. Kesi ikishatatuliwa, wimbo unapigwa, wazee wanageuka vijana kwa mara ya mwisho, na marehemu anasimama mbali akimtazama Lilly, kisha anatoweka. Walisema ni kubembeleza machozi. Mimi nauona ndio uaminifu wa tamthilia kwa jambo lake. Sahihi mbili na muhuri haviwezi kumtendea haki mtu aliyengoja miaka hamsini kwenye ghala. Anastahili kutazamwa.

Haikuwa ya kwanza. Wakanada walikuwa na Cold Squad tangu Januari 1998, nayo ikiongozwa na mpelelezi mwanamke, huko Vancouver, na kufanana kwake na ile ya Philadelphia kulizua malalamiko. Waingereza walianza Waking the Dead mwaka 2000, ambayo mkuu wa kitengo chake, Boyd, anafukua misiba ya wengine huku mwanawe mwenyewe akiwa ametoweka. Kisha wakaleta New Tricks, ya wapelelezi wastaafu walioitwa warudi kazini.

Kwa nini zote zilizuka ndani ya miaka michache? Kwanza, mafaili yalikuwa yamejaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, takribani mauaji tisa kati ya kumi nchini Marekani yaliishia kwa mtu kukamatwa; kufikia miaka ya 1990 yalikuwa kama mawili kati ya matatu. Biashara ya dawa za kulevya iliongeza mauaji ya watu wasiojuana, na mashahidi wakajifunza kukaa kimya. Miami ya miaka ya 1980, iliyofurika kokeini, ni miongoni mwa mahali pa kwanza ambapo polisi waliunda kikosi maalumu cha kesi zilizolala.

Pili, vinasaba. Tarehe 10 Septemba 1984, katika Chuo Kikuu cha Leicester nchini Uingereza, Alec Jeffreys aligundua kwamba kila mtu ana mistari yake ya vinasaba inayoweza kusomwa kama alama za vidole. Karibu na mji huo wasichana wawili wa miaka 15 walikuwa wameuawa, mmoja mwaka 1983, mwingine 1986. Kijana wa miaka 17 alikuwa amekwisha kukiri. Kipimo kikaonyesha hakuwa yeye, na kazi ya kwanza ya sayansi hiyo katika kesi ya mauaji ikawa kumwachia huru asiye na hatia. Kisha wanaume wapatao 5,000 wakaombwa kupimwa. Mwuaji, Colin Pitchfork, alimshawishi mfanyakazi mwenzake atoe damu kwa jina lake, na maabara haikugundua. Aliyemkamatisha ni mtu aliyesikia mazungumzo baa, yule mwenzake alipoeleza alichofanya. Pitchfork alihukumiwa kifungo cha maisha Januari 1988. Huwa naikumbuka baa ile kila ninaposikia kwamba mashine zimemaliza kazi ya mashahidi.

Tamthilia ya nasaba hii iliyonigusa zaidi baada ya Cold Case ilitoka Korea Kusini. Signal, iliyoandikwa na Kim Eun-hee na kurushwa na tvN kuanzia Januari 2016, inamweka mpelelezi wa leo akizungumza kwa redio ya mkononi na mpelelezi wa zamani. Moja ya kesi zake ilichotwa kwenye mauaji ya Hwaseong, ambako wanawake kumi waliuawa kati ya 1986 na 1991. Kesi hiyo ilikuwa imemshughulisha pia Bong Joon-ho, aliyeitengenezea filamu ya Memories of Murder mwaka 2003, na akaimaliza kwa mpelelezi anayeikodolea macho kamera, kana kwamba mwuaji amekaa miongoni mwa watazamaji. Sheria ya Korea wakati huo iliweka ukomo wa miaka 15 wa kumshtaki mwuaji, na ukomo wa mauaji ya mwisho ulipita mwaka 2006. Mwaka 2015 bunge likafuta ukomo huo kwa mauaji, lakini kwa kesi za Hwaseong ilikuwa imechelewa.

Halafu, Septemba 2019, polisi walipima upya vielelezo vilivyokuwa vimehifadhiwa na kumpata mtu: Lee Choon-jae. Alikuwa gerezani tangu miaka ya 1990, akitumikia kifungo cha maisha kwa kumwua shemeji yake. Alikiri mauaji 14. Sheria haikuweza kumshtaki kwa hata moja kati ya yale ya Hwaseong. Lakini katika kukiri kwake alitaja mauaji ya nane, ambayo kijana mwingine alikuwa ameyafungiwa miaka ishirini. Mtu huyo alikuwa amekwisha kutoka na kuanza kuzeeka. Desemba 2020 mahakama ilimtangaza kuwa hana hatia.

Hapa ndipo nina neno na Cold Case. Kwa misimu saba mwuaji alikiri kabla saa haijaisha, karibu kila mara, chini ya taa ya chumba cha mahojiano. Kijana wa Leicester alikiri. Yule aliyefungwa bure kwa mauaji ya Hwaseong naye alikiri, na baadaye akaeleza kwamba aliteswa. Tamthilia iliyojua vizuri hivyo jinsi woga unavyofunga vinywa ilistahili kuonyesha mara nyingi zaidi jinsi woga huo huo unavyovifungua kwa uongo.

Na Philadelphia yenyewe? Tarehe 25 Februari 1957, katika kichaka cha Fox Chase, mtoto wa kiume alikutwa amekufa ndani ya boksi la duka lililokuwa limebeba kitanda cha mtoto. Alikuwa amepigwa. Polisi walibandika picha ya uso wake mji mzima, hakuna aliyejitokeza kusema ni wake. Wapelelezi walistaafu na kufa wakiwa bado wanamtafutia jina. Chama cha Vidocq, kilichoanzishwa mjini humo mwaka 1990 na wapelelezi na wataalamu wanaokutana kula chakula cha mchana na kupekua kesi za zamani, kiliichukua kesi hiyo kama ya familia. Mwaka 1998 mwili ulifukuliwa ili vinasaba vichukuliwe, ukazikwa upya katika makaburi ya Ivy Hill, chini ya jiwe lililomwita mtoto wa Marekani asiyejulikana. Cold Case ilitunga kipindi kutokana na kisa hicho, na kwa kuwa ni tamthilia, mtoto wao alipata jina na mwuaji wake akapatikana.

Mtoto wa kweli alifukuliwa tena mwaka 2019. Vinasaba vilivyochakaa vilisomwa kwa shida kubwa, vikaoanishwa na vya ndugu wa mbali, ukoo ukafuatwa hadi kwenye cheti cha kuzaliwa. Tarehe 8 Desemba 2022 polisi walisimama mbele ya waandishi wakatamka jina: Joseph Augustus Zarelli, aliyezaliwa tarehe 13 Januari 1953. Siku ambayo angetimiza miaka 70, watu walikusanyika Ivy Hill mbele ya jiwe jipya lenye jina lake na mwaka wake. Mwuaji hajatajwa mpaka leo, na jalada lingali wazi.