Neno "Sanisi" kwenye Kopo la Oili: Historia ya Mgogoro wa Mafuta ya Injini, 1929–1999

Mwaka 1999, chombo cha usuluhishi wa matangazo nchini Marekani kilitoa uamuzi ambao wenye magari wengi hawakuusikia, ingawa athari yake imo katika makopo ya oili wanayonunua hadi leo. Walioshindana walikuwa Mobil na Castrol, na kilichogombewa kilikuwa neno moja: sanisi. Insha hii inafuatilia namna neno hilo lilivyopata maana yake ya awali, namna maana hiyo ilivyoponyoka, na uzito wa jambo hilo kwa mtu anayesimama dukani akijiuliza kama aongeze fedha au atosheke na mafuta ya kawaida.

Mafuta ya kawaida ya injini hutokana na mafuta ghafi yanayochemshwa na kutenganishwa, kisha nta na uchafu mwingine kuondolewa. Matokeo yake yanafanana na nafaka iliyopetwa: makapi yamekwenda, lakini punje zilizobaki hazilingani. Molekuli nyepesi hutoroka kama mvuke injini ikipata moto. Zenye asili ya nta huganda wakati wa baridi. Mafuta sanisi, kwa maana ya mwanzo, hayakupetwa bali yalijengwa. Mkemia alichukua molekuli ndogo zinazojulikana akaziunganisha hadi zikafikia ukubwa alioukusudia.

Kampuni ya Standard Oil ya Indiana ilifanya kazi ya namna hiyo mwaka 1929 kwa kuunganisha olefini, na Sullivan na wenzake wakachapisha matokeo mwaka 1931. Soko halikujali. Mafuta ya ardhini yalikuwa rahisi na tele, na hapakuwa na sababu ya kulipa zaidi. Sababu ililetwa na vita. Ujerumani, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ghafi, iliwekeza katika maabara, na kati ya 1938 na 1944 Hermann Zorn na wenzake walichunguza zaidi ya esta 3,500. Baada ya vita, injini za ndege za jeti zilihitaji kilainishi kinachostahimili baridi ya angani na joto la injini kwa pamoja, na esta zikawa jibu lake. Kwa miaka mingi, basi, mafuta sanisi yalikuwa bidhaa ya jeshi na usafiri wa anga. Dereva wa kawaida hakuwa na la kuchagua.

Uchaguzi ulimfikia katika miaka ya 1970. Mwaka 1972 AMSOIL, kampuni iliyoanzishwa na rubani wa zamani wa ndege za kivita, Albert Amatuzio, iliuza mafuta sanisi ya magari yaliyotimiza viwango vya Taasisi ya Petroli ya Marekani (API), ikiahidi kwamba yangedumu kwa maili 25,000. Mobil 1 iliingia katika soko la Ulaya mwaka 1974, wakati ambapo mgogoro wa mafuta wa 1973 ulikuwa umewafanya watu wahesabu kila lita. Uti wa mgongo wa mafuta hayo ya Mobil ulikuwa polialfaolefini. Kemikali hiyo ina tabia ya kusinyaza kidogo mipira inayozuia uvujaji katika injini, ilhali esta huivimbisha. Ndiyo maana watengenezaji walijifunza kuzichanganya. Ni jambo dogo, lakini linaeleza chanzo kimoja cha imani iliyoenea miongoni mwa mafundi kwamba mafuta sanisi huvujisha injini kuukuu.

Hadi hapo mpaka ulikuwa wazi. Ulianza kufifia pale viwanda vya kusafisha mafuta vilipojua kufanya zaidi ya kupeta. Kwa kutumia haidrojeni, kichocheo na mgandamizo mkubwa, nta iliyokuwa ikitolewa na kutupwa kando sasa iliweza kupangwa upya, molekuli kwa molekuli, ikawa kilainishi bora. Chevron ilianza kutumia teknolojia yake ya aina hiyo katika kiwanda cha Richmond, California, mwaka 1993. API, iliyoyagawa mafuta ya msingi katika makundi matano, iliyaweka mafuta hayo katika Kundi la III: salfa isiyozidi asilimia 0.03, na kielezo cha mnato cha 120 au zaidi, yaani mafuta yasiyobadilika sana baina ya baridi na joto. Polialfaolefini zilipewa Kundi la IV peke yake. Mgawanyo huo ulikuwa wa kitaalamu. Haukusema kundi lipi liitwe sanisi.

Pengo hilo lilipanuka mwaka 1995, Jumuiya ya Wahandisi wa Magari (SAE) ilipofuta tafsiri ya neno sanisi katika waraka wake wa J357. API nayo ikaliacha neno hilo. Mwishoni mwa 1997 Castrol ilibadilisha mapishi ya Syntec, ikaondoa polialfaolefini na kuingiza mafuta ya Kundi la III, huku lebo ikiendelea kutangaza mafuta sanisi. Mobil ililalamika mbele ya NAD, kitengo cha kujisimamia cha wafanyabiashara kinachochunguza ukweli wa matangazo. Hoja yake ilikuwa rahisi: kitu kilichotoka ardhini na kusafishwa, hata kikisafishwa vizuri namna gani, hakijajengwa. Castrol ilijibu kwamba molekuli zinazotoka katika mchakato huo si zile zilizoingia. Zimevunjwa na kuundwa upya kwa mmenyuko wa kemia, na huo ndio usanisi wenyewe. NAD iliona kwamba Castrol ilikuwa na msingi wa kutosha wa kulitumia neno hilo.

Kwa kigezo cha kemia, uamuzi huo unatetewa bila shida. Hata mwanafunzi wa sekondari aliyesoma usanisinuru anajua kwamba usanisi ni kuunda kitu kipya kutokana na vitu vingine, na olefini za Mobil zenyewe hazikushuka kutoka mbinguni; chanzo chake kilikuwa petroli na gesi. Kasoro ya uamuzi iko kwingine. Mnunuzi alikuwa amezoezwa kwa robo karne kulipa bei ya juu kwa sababu ya neno lile, na gharama iliyoihalalisha bei hiyo ilikuwa ya polialfaolefini. Neno lilibaki na sehemu kubwa ya bei yake, gharama ikashuka, na washindani wengi wakaifuata Castrol. Soko la Ujerumani lilishika msimamo mkali zaidi: mafuta ya Kundi la III huandikwa HC-Synthese, na jina la mafuta sanisi kamili huachiwa makundi ya IV na V.

Hata hivyo, itakuwa kosa kuhitimisha kwamba mnunuzi analipia jina tupu. Majaribio yaliyochapishwa na chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, mwaka 2017 yalilinganisha oili tano sanisi na tano za kawaida kwa vipimo vya uoksidishaji, uvukizi, utando na mtiririko wakati wa baridi. Za sanisi ziliongoza kwa wastani wa asilimia 47. AAA haikudai kwamba oili ya kawaida huharibu injini iliyoundiwa oili hiyo.

Katika miji ya Afrika Mashariki, ambako magari mengi ni mitumba ya Japani, ubora wa wakati wa baridi hauna kazi kubwa. Baridi ya Nairobi au Mbeya haikaribii nyuzi 35 chini ya sifuri, ambazo ndizo hupimiwa oili yenye alama ya 0W kwa kuwasha injini. Joto la foleni na vumbi ndivyo vinavyoijaribu oili huko. Lakini kwa gari ambalo kitabu chake kinataka 0W-20, swali la sanisi au kawaida limeshajibiwa kiwandani, kwa sababu mafuta ya Kundi la I hayawezi kufikia mnato huo. Mwenye gari hilo akimwagiwa 20W-50 na fundi anayeamini kwamba oili nzito ndiyo inayolinda injini, atakuwa ameacha kipimo alichoandikiwa na mtengenezaji, hata kama kopo lina neno sanisi kwa herufi kubwa.