Kromiamu na Safari ya Kuelekea Okteni, 1977–2004

Ethileni ni gesi yenye kaboni mbili. Molekuli zake tatu zikiungana hutoa hekseni, yenye kaboni sita. Nne zikiungana hutoa okteni, yenye kaboni nane. Zote mbili huongezwa kidogo katika polithini ili isichanike upesi. Kwa muda mrefu viwanda havikuweza kuchagua. Mbinu zilizotokana na kazi ya Karl Ziegler wa Ujerumani zilitoa mchanganyiko wa minyororo mifupi na mirefu, hivyo aliyehitaji hekseni alilazimika kutafutia soko mazao mengine yote.

Historia hii mara nyingi husimuliwa kama ya bahati. Insha hii inadai kwamba bahati ilitoa dalili tu, na kwamba hata nadharia iliyofuata ilisaidia na kuzuia kwa wakati mmoja.

Mwaka 1977, Manyik, Walker na Wilson wa kampuni ya Union Carbide, Marekani, waliripoti kwamba kichocheo chao cha kromiamu, pamoja na kutengeneza polithini, kiligeuza sehemu ya ethileni kuwa hekseni. Mwaka 1989, Briggs wa kampuni hiyohiyo alieleza sababu. Kromiamu hushika ethileni mbili na kufanya pete ya atomi tano; ethileni ya tatu ikiingia, pete huwa ya atomi saba, nayo hufunguka upesi na kuachia hekseni. Sasa wakemia walijua wanachobuni.

Hata hivyo, maelezo hayo yaliweka mpaka. Ikiwa pete ya saba hufunguka upesi, ya tisa itatoka wapi? Wengi waliona okteni haiwezekani kupatikana kwa njia hii.

Mwaka 2002, watafiti wa BP walitangaza ligandi yenye fosforasi mbili na naitrojeni katikati, iliyotoa hekseni. Mwaka 2004, Bollmann na wenzake wa Sasol, Afrika Kusini, walitumia ligandi za jamii hiyo zisizo na vikundi vya methoksi. Okteni ikafikia takriban asilimia 70 ya mazao.

Sasol hawakuitupa nadharia ya pete, waliipanua. Kosa halikuwa katika maelezo ya Briggs, bali katika kuyasoma kana kwamba yanataja pia yasiyowezekana. Anayeandika historia ya sayansi anapaswa kutenganisha mambo hayo mawili.