Kumfungia mpinzani: drafti ya Gakoromone, sataranji na bao

Kwa wale wasioijua, Gakoromone ni soko letu kubwa hapa mjini Meru. Mchana, kazi zikipungua, utakuta watu wameinamia drafti: ubao wa mbao na vifuniko vya soda, upande mmoja umevigeuza. Anayejifunza huhesabu kete alizokula. Wazee huangalia mpinzani amebakiza njia ngapi, kwa sababu kwenye drafti ukikosa pa kusogeza umeshindwa, hata kama bado una kete tano ubaoni.

Kwenye sataranji, sifa ya kulieleza wazo hili kitabuni humwendea Aron Nimzowitsch, mzaliwa wa Riga, na kitabu chake Mein System cha 1925. Zuia kwanza, kula utakula baadaye. Tigran Petrosian alicheza hivyo na akawa bingwa wa dunia kuanzia 1963 hadi 1969. Wengi walimwona anachosha. Mimi nampenda.

Sisi watu wa kompyuta tulilipata kwa Claude Shannon. Katika makala yake ya 1950 kuhusu kuifundisha kompyuta sataranji, alitoa fomula ya mfano ambamo kete ndogo ya mbele ina thamani ya 1 na kila hatua halali uliyonayo ina 0.1. Yaani ukimnyima mpinzani hatua kumi, ni kama umemla kete moja bila kuigusa!

Lakini sataranji ina ajabu yake. Ukimbana mtu mpaka hana hatua hata moja, na mfalme wake hajashambuliwa, mchezo ni sare. Umebana mno, ushindi umekuponyoka. Drafti haina huruma hiyo, kwa hiyo fomula ya Shannon huwezi kuinakili ilivyo kwenye programu ya drafti. Kabla ya hesabu yoyote lazima uandike: kama hatua == 0, ameshindwa.

Sasa njoo pwani, kwenye bao lenye mashimo 32 na kete 64. Huko nako asiye na hatua ameshindwa, ila kubana kumeingia mpaka ndani ya sheria na kuna jina lake: kutakasia. Umetakasa, yaani umecheza bila kula. Mpinzani naye hana pa kula, na shimo lake moja tu la mbele ndilo unaloweza kulila zamu ijayo. Basi haruhusiwi kuanzia shimo hilo. Linakaa palepale likikusubiri (nyumba yake husamehewa, na kuna misamaha mingine). Alexander de Voogt, aliyewatafiti mabingwa wa bao Zanzibar, alitoa utafiti wake mwaka 1995, lakini mabingwa wenyewe hawakuhitaji kitabu ili kulijua hili.

Nalitaja kwa sababu takasia ndiyo sheria ambayo mtu wa programu hushawishika kuiruka. Ina masharti mengi, na bila hiyo mchezo bado unakwenda. Ukiona bao la simu linakuruhusu kulikimbiza shimo lililotakasiwa, unacheza kitu kingine.