Nakivubo: Uwanja uliobadilisha katikati ya Kampala, na bonde la Kisugu linalopokea maji yake

Uwanja wa soka wa Nakivubo, ambao siku hizi unajulikana pia kwa jina la Hamz, umesimama katika bonde lenye msongamano mkubwa wa biashara jijini Kampala. Upande mmoja lipo soko la Mtakatifu Balikuddembe, ambalo wakazi wengi hawajaacha kuliita Owino. Upande mwingine vipo vituo vya teksi, cha zamani na kipya, na mwendo mfupi kutoka hapo ni Kikuubo, kichochoro cha maduka ya jumla ambako hata wafanyabiashara wa Sudan Kusini na Congo huja kununua mali. Kandokando ya haya yote unapita mfereji wa Nakivubo.

Ni mfereji huo unaokiunganisha kisa cha uwanja na Kisugu, mtaa ulioko katika tarafa ya Makindye, kusini-mashariki mwa kitovu cha jiji. Maji yanayoteremka kutoka vilima vya Nakasero, Old Kampala na Mengo hupita uwanjani, huvuka eneo la viwanda, kisha huingia katika bonde lililo chini ya kilima cha Kisugu, kwenye makazi ya Namuwongo, kabla ya kuishia katika kinamasi na hatimaye Ziwa Victoria. Kwa hiyo lolote linalojengwa Nakivubo lina jirani ambaye hayumo katika ramani ya mradi.

Kutoka ukumbusho wa vita hadi ukuta wa maduka

Jina la Nakivubo lilikuwa na uzito kabla ya soka. Ni mahali hapo ambapo Joseph Mukasa Balikuddembe, mmoja wa mashahidi wa Uganda, aliuawa Novemba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Soko la jirani limechukua jina lake.

Kiwanja cha michezo kilianzishwa mwaka 1926. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, uwanja uliboreshwa na kukabidhiwa kwa bodi ya wadhamini, ukiwa ukumbusho wa askari wa Uganda waliopoteza maisha katika vita hivyo. Ndiyo maana jina lake rasmi kwa miongo mingi lilikuwa Uwanja wa Ukumbusho wa Vita wa Nakivubo. Hadi mwaka 1997, ulipofunguliwa uwanja wa taifa wa Mandela huko Namboole, Nakivubo ndiyo iliyokuwa nyumba kuu ya soka la Uganda. Mwaka 1991, SC Villa ilipofika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika dhidi ya Club Africain ya Tunisia, mchezo wa marudiano ulichezwa hapo. Villa, iliyokuwa imefungwa mabao 6-2 ugenini, ilitoka sare ya bao 1-1 na kulikosa kombe.

Namboole ilipochukua mechi kubwa, Nakivubo ilichakaa. Hata hivyo ardhi yake haikuchakaa pamoja nayo. Kadiri majukwaa yalivyozidi kubomoka, ndivyo thamani ya kipande hicho, kilichobanwa kati ya soko na vituo vya teksi, ilivyozidi kupanda. Wachuuzi walikwishalitambua hilo kabla ya wawekezaji, kwa maana pembezoni mwa uwanja kulikuwa na soko la Park Yard, mashuhuri kwa nguo za mitumba.

Mwaka 2015 bodi ya wadhamini iliingia makubaliano na mfanyabiashara Hamis Kiggundu ya kuujenga upya uwanja. Mwaka 2017 majukwaa ya zamani yalibomolewa. Kazi ilichukua takriban miaka 7, kwa kusuasua na kwa mabishano ya umma kuhusu nani hasa anamiliki nini, hadi soka liliporejea mwaka 2024 kwenye nyasi bandia. Kwa nje, hata hivyo, mpita njia haoni kwanza uwanja. Anaona ukuta wa maduka, ghorofa juu ya ghorofa, unaoizunguka nyasi kila upande.

Maduka yanayoulipia uwanja

Katika miji mingi ya Marekani, hoja ya kujenga uwanja katikati ya jiji ilikuwa kuwarudisha watu. Wakazi wenye kipato walikuwa wamehamia vitongojini, maduka yamefungwa, na mitaa ikabaki mitupu ifikapo jioni. Mfano uliosifiwa zaidi ni Baltimore, ambako uwanja wa besiboli wa Camden Yards ulifunguliwa mwaka 1992 jirani na bandari ya zamani, na miji mingine ikauiga. Sifa hizo hazikuwashawishi wanauchumi. Mwaka 1997 Roger Noll na Andrew Zimbalist walihariri utafiti mpana uliohitimisha kwamba viwanja vya aina hiyo havikuwa vikirejesha fedha za umma zilizowekezwa. Sababu yao ni rahisi kuielewa: familia iliyotumia fedha zake uwanjani Jumamosi haikuzitumia sinema au mkahawani, kwa hiyo jiji huhamisha matumizi kutoka mfuko mmoja hadi mwingine. Isitoshe, uwanja hutumika siku chache tu kwa mwaka.

Kampala imeanza kutoka ncha ya pili. Katikati ya jiji hili hakukosi watu. Kuna watu wengi kuliko nafasi ya kuweka miguu. Kinachokosekana ni nafasi ya kuuzia. Kwa hiyo Nakivubo si uwanja unaovuta biashara, bali ni biashara inayoubeba uwanja. Ligi ya Uganda haiwezi kulipia jengo la ukubwa huo kwa viingilio vya mlangoni, ilhali duka la mita chache za mraba lililotazamana na Owino hulipa kodi kila mwezi, mechi iwepo au isiwepo. Anayetaka kuuelewa mradi huu ahesabu kwanza milango ya maduka, kisha viti.

Hesabu hiyo ina faida yake, na si haki kuipuuza. Serikali haikulazimika kuchota katika hazina ili kupata uwanja katikati ya jiji, na klabu za Kampala zimepata tena mahali ambapo shabiki anaweza kufika kwa miguu akitokea kazini. Namboole, iliyo nje ya jiji kwenye barabara ya Jinja, haikuwahi kutoa urahisi huo.

Lakini hesabu hiyohiyo humchagua mpangaji. Mwenye duka la kudumu hutakiwa kulipa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na kwa miaka mingi wafanyabiashara wa Kampala wamelalamika kwamba baadhi ya wenye majengo hudai kodi kwa dola. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 iliweka shilingi ya Uganda kuwa fedha ya kulipia kodi isipokuwa pande mbili zikubaliane vinginevyo, na kuzuia ongezeko la zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kwa mchuuzi wa mitumba aliyezoea kulipa ushuru wa siku, sheria hiyo inamlinda katika chumba ambacho hajaweza kukiingia.

Usiku wa Park Yard

Soko la Park Yard lilivunjwa mwishoni mwa Februari 2017. Kazi ilifanyika usiku, chini ya ulinzi wa askari, na wachuuzi wengi walifika alfajiri wakakuta vibanda vimesawazishwa na mali imefukiwa au kutoweka. Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, KCCA, ilikuwa imewaelekeza wahamie katika masoko mengine. Wengine walikwenda. Wengine walihamia barabarani, juu ya turubai, hatua chache kutoka pale walipokuwa, wakawa sehemu ya tatizo la uchuuzi wa kando ya barabara ambalo jiji hilohilo limekuwa likipambana nalo tangu wakati huo.

Mfanyabiashara wa aina hii hana kampuni wala akaunti kubwa. Ananunua robo ya robota, anauza leo ili anunue kesho. Mtaji wake wote unaweza kuwa ndani ya kibanda kimoja usiku mmoja. Jirani na hapo lipo soko linaloitwa Shauriyako, jina la Kiswahili ambalo halihitaji tafsiri, na ambalo waliopoteza mali usiku ule walikuwa na kila sababu ya kulitafakari.

Wengi wa watu hawa hawalali katikati ya jiji. Wanaishi mahali ambapo kodi ni nafuu na safari ya kwenda sokoni inaweza kufanywa kwa miguu. Namuwongo, mguuni mwa kilima cha Kisugu, ni mahali pa namna hiyo.

Kisugu, mahali maji yanapofika

Kisugu ina sura mbili. Juu, kuelekea Muyenga, zipo nyumba za ghorofa zenye kuta ndefu na mandhari ya ziwa. Chini, kati ya reli iendayo Port Bell na mfereji wa Nakivubo, nyumba za matofali na mabati zimebanana hadi ukingoni mwa maji. Mwaka 2014 vibanda na nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya reli zilibomolewa, na baadhi ya familia zikasogea zaidi kuelekea kwenye mfereji, yaani kutoka hatari moja hadi nyingine.

Mvua kubwa inaponyesha Nakasero, haina haja ya kunyesha Kisugu ndipo watu wa bondeni waingiliwe na maji. Lami na paa za katikati ya jiji hazinywi maji. Kila mita ya ardhi inayofunikwa kwa zege huongeza kasi ya maji yanayoteremka, na pamoja nayo huja udongo, chupa za plastiki, mabaki ya sokoni na kinyesi kutoka vyoo vilivyofurika. Mfereji, wenye urefu wa karibu kilomita 9, ulipanuliwa na kujengewa kuta mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa fedha za Benki ya Dunia. Upanuzi huo uliyapunguza mafuriko ya katikati ya jiji kwa kuyapeleka maji bondeni upesi zaidi, jambo ambalo kwa mtazamo wa Namuwongo ni habari ya aina nyingine.

Mwaka 2025 suala hili lilifika hatua mpya. Rais Yoweri Museveni aliunga mkono pendekezo la Kiggundu la kuufunika mfereji katika eneo la katikati ya jiji na kujenga juu yake. Watetezi wa mpango walisema mfereji ulio wazi ni jalala na ni hatari, na kwamba kuufunika kungeondoa uvundo na kuongeza nafasi. Wapinzani, akiwemo Meya Erias Lukwago, walihoji utaratibu uliotumika na uhalali wa kumkabidhi mtu binafsi njia kuu ya maji ya jiji. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo mvua kubwa iliyafurika maduka ya katikati ya jiji, na wafanyabiashara walioharibikiwa na bidhaa wakaielekezea kidole kazi iliyokuwa ikiendelea mferejini.

Mjadala mwingi ulihusu maduka hayo, na hilo laeleweka. Kidogo sana kilisemwa kuhusu upande wa chini. Mfereji uliofunikwa husafishwa kwa shida kuliko ulio wazi, kwa kuwa tope haliwezi kuzolewa kwa mashine kutoka ukingoni, na taka zilizokwama ndani hazionekani hadi zitokee pale mfuniko unapokoma.

Baada ya Namuwongo maji huingia katika kinamasi cha Nakivubo, chenye mafunjo na mashamba ya magimbi, kinachokaribia kilomita za mraba 5 na nusu. Utafiti wa mwaka 1999 ulikadiria kwamba kazi ya kinamasi hicho ya kuchuja maji taka ina thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Tangu hapo sehemu yake kubwa imelimwa, imejazwa kifusi au kujengwa. Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka limejenga Bugolobi mtambo wenye uwezo wa kusafisha mita za ujazo 45,000 za maji taka kwa siku, hatua kubwa kwa jiji ambalo sehemu ndogo tu ya wakazi wake wameunganishwa na mabomba ya maji taka. Vyoo vya shimo vya bondeni, hata hivyo, havifiki katika mtambo huo vyenyewe. Lazima vinyonywe kwa gari, na gari halipiti katika vichochoro vya Namuwongo.

Majirani na mabonde yao

Dar es Salaam inalijua tatizo hili kwa jina la Jangwani. Uwanja wa Kaunda wa klabu ya Yanga upo katika bonde la Mto Msimbazi, karibu na Kariakoo, na kwa miaka mingi umekuwa ukijaa maji. Kituo cha mabasi ya mwendokasi kilichojengwa bonde hilohilo kilifurika mara kwa mara, na mabasi yakaharibika. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi wa bonde la Msimbazi, unaoanza na mto wenyewe: kuupanua, kuinua daraja la Jangwani, kuwahamisha kwa fidia wakazi walio katika hatari, na baadaye ndipo kuzungumzia bustani na majengo. Utekelezaji una malalamiko yake, hasa kuhusu viwango vya fidia, lakini mpangilio wa hatua ni tofauti na wa Kampala.

Kigali iliukwepa mtego huo kwa kuupanua uwanja wa Amahoro huko Remera, mbali na katikati ya jiji, kutoka viti 25,000 hadi 45,000, na kuufungua tena Julai 2024.

Uganda inajiandaa kuwa mwenyeji mwenza wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 pamoja na Kenya na Tanzania, na macho ya serikali yameelekezwa zaidi Namboole na katika uwanja mpya wa Hoima. Nakivubo itaendelea na ligi ya nyumbani na wapangaji wake. Huko bondeni chini ya Kisugu, maji hayo yote yanaendelea kuelekea Ghuba ya Murchison, ambako kilomita chache kutoka yanapoingia ziwani, huko Gaba, yapo mabomba yanayovuta maji ya kunywa ya Kampala.