Nani Aliandika Mpango wa Mkoa?

Mwaka 1972 serikali ya Tanzania Bara ilitangaza Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zilivunjwa, na mahali pake wakawekwa wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya, watumishi walioteuliwa na serikali. Ushauri juu ya muundo huo ulitoka kwa kampuni ya Kimarekani, McKinsey. Tuliambiwa madaraka yanashuka kwa wananchi. Mimi naona walioshuka ni maofisa.

Kila mkoa ukatakiwa uwe na mpango wake wa maendeleo. Wachumi na wahandisi wa kuuandika walikuwa wachache, kwa hiyo mikoa ikagawiwa wafadhili: Kigoma Benki ya Dunia, Arusha Wamarekani, Mtwara na Lindi Wafini, Kilimanjaro Wajapani, na Tanga Wajerumani wa Magharibi. Hao wa Tanga, ukikumbuka historia, hukosi kutabasamu.

Wataalamu walikuja, wakapima, wakaandika vitabu vinene kwa Kiingereza. Na wananchi je? Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 iliunda halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 25, na ndani yake kamati ya fedha na mipango. Kwa maandishi, mawazo yangeanzia hapo yapande hadi mkoani. Lakini kamati ya kijiji ingejadili vipi kitabu ambacho haiwezi kukisoma? Iliyobaki kwake ni kuomba: zahanati, darasa, bomba la maji.

Mpango wa Kilimanjaro ulikamilika mwaka 1977, kwa kazi ya shirika la Kijapani la JICA. Mwaka 1984 halmashauri za wilaya ziliporudishwa, na Mwalimu Nyerere mwenyewe akasema kuzivunja ni jambo ambalo asingelirudia, kitabu hicho kilikuwa na umri wa miaka saba, na miradi yake ilikuwa inaendelea.

Mmoja wapo ni mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, kusini ya mji wa Moshi, uliomalizika mwaka 1987. Ulikuwa na hekta 2,300, kati ya hizo 1,100 za mpunga, kwa maji ya mito ya Njoro na Rau. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, tusiwanyime Wajapani haki yao: mavuno yalifika tani 6 hivi kwa hekta, kiasi ambacho wakulima wengi nchini hawakuwahi kukiona.

Wakulima wa juu ya mabanio, ambao hawakuwamo katika mradi, nao waliyaona mavuno hayo. Wakachimba mifereji, wakapanda mpunga wao. Maji yakapungua huko chini, na sehemu ya mashamba yaliyosawazishwa kwa mkopo wa fedha nyingi ikawa hailimwi mpunga.

Ni rahisi kuwaita wezi wa maji. Lakini Wachagga wamegawana maji kwa mifongo tangu kabla ya ukoloni. Wenye mfongo hukutana, huusafisha pamoja, na hupeana zamu. Wazee wa mifongo walikuwapo mwaka 1977, mwendo mfupi kutoka ofisi ya mkoa. Swali ambalo wangeliuliza kwanza, naamini, ni hili: walioko juu watapata nini? Swali hilo lilikuja kuulizwa baada ya mabanio kujengwa, na waliolijibu walikuwa wale wa juu, kwa majembe.